Alt na Tab: Kitufe Hiki Kimesikiwa na Nani?

Muhula uliopita, kwenye testi ya pili ya takwimu, rafiki yangu alibonyeza vitufe viwili na akaandikiwa fomu ya udanganyifu. Vitufe vyenyewe ni Alt na Tab. Aliyemfundisha kuvibonyeza ni mimi.

Amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na mimi nimekubali haraka kwa sababu jina la kutajwa hapa kwa kweli ni langu.

Kwa wale ambao bado hamjafika kwenye kozi ile, mambo yako hivi. SPSS tunayotumia kuchambua data haipo kwenye kompyuta za labu, wala kwenye laptopu zetu. Ipo kwenye seva. Wewe unafungua programu ya kuingia kompyuta ya mbali, unaandika anwani na neno la siri, kisha skrini ya seva inatokea mbele yako kama vile ni yako. Lakini siyo yako. Kazi yote inafanyika kule, kwenye chumba chenye kiyoyozi ambacho hatujawahi kuingia. Kinachokufikia ni picha ya skrini tu, na kinachotoka kwako ni vitufe unavyobonyeza na mwendo wa mausi. Huu ni mpango mzuri, na siandiki kuupinga. Leseni ni ghali, na laptopu nyingi hapa chuoni zilinunuliwa kwa boom, tena zikiwa zimeshatumika. Laptopu inayohema ukifungua faili mbili za Word inaweza kuendesha uchambuzi mzito bila shida, kwa kuwa yenyewe inaonyesha picha tu.

Tatizo linaanza unapotaka kuhama dirisha. SPSS ina dirisha la data na dirisha la matokeo. Swali moja la testi linaweza kukurudisha huku na huko mara kumi: soma jedwali, rudi kwenye data, badilisha kigezo, endesha upya, soma jedwali. Ukitumia mausi wakati mtandao umelemewa, unasogeza mkono, mshale unakuja baadaye kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Ukiburuta dirisha zima ndiyo balaa, maana kila linaposogea picha inachorwa upya na kutumwa upya. Aliyeko hosteli kwa bando lake analipia huo uchoraji wote. Kubonyeza vitufe viwili ni mzigo mdogo mno.

Kwa hiyo nilikuwa mhubiri wa njia za mkato. Kwenye diskasheni yetu ya watu watano, kila Jumamosi pale labu, nilikuwa nakemea mkono unaokimbilia mausi. "Ukitaka kuhama dirisha, shika Alt, gusa Tab. Basi." Wenzangu wakajaribu, ikakubali. Wakajaribu tena wiki iliyofuata, ikakubali. Wakaanza kuniita Ticha, nami sikukataa. Sisi wa elimu tukiitwa hivyo tunajisikia kama tumeshaajiriwa.

Siku ya testi labu ilijaa, na wenye laptopu walikuwa wameambiwa waje nazo. Rafiki yangu alikuja na yake. Anwani ya seva ilitumwa na CR kwenye grupu la WhatsApp dakika chache kabla ya kuanza, kwa hiyo alifungua WhatsApp kwenye laptopu, akanakili anwani, akaingia kwenye seva. Msimamizi alisoma sharti moja kwa sauti: mtu asitoke nje ya seva mpaka testi iishe. Hakuna aliyeambiwa afunge vitu vilivyobaki nyuma, na mwenye wasiwasi wa testi hakumbuki kufunga kitu.

Dakika ya ishirini hivi akamaliza jedwali la kwanza na kutaka kurudi kwenye data. Akafanya nilivyomfundisha. Alt, Tab. Mbele yake ikatokea WhatsApp, grupu la darasa, meseji za watu wanaotakiana heri. Msimamizi alikuwa anapita nyuma yake.

"Hii ni nini?"

"Sijui madam, imekuja yenyewe."

"WhatsApp inakuja yenyewe?"

Labu ilicheka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele yao, kwenye kompyuta ya labu, na Alt na Tab zangu zilikuwa zinafanya kazi bila wasiwasi. Nilicheka pia, kidogo. Nalitaja hilo kwa sababu linanisumbua kuliko mengine yote.

Sasa, kwa nini vitufe vilevile, seva ileile na programu ileile vilifanya jambo moja kwangu na jambo jingine kwake?

Jibu nililipata siku mbili baadaye kwa kijana wa IT wa pale labu, na lilimchukua dakika nne. Programu ya Windows ya kuingia kompyuta ya mbali ina mpangilio unaoamua michanganyiko kama Alt na Tab iende wapi: kwenye kompyuta iliyo mbele yako, au ile ya mbali. Usipougusa, unakuja na uamuzi wa tatu: iende kule mbali pale tu ambapo skrini ya mbali imejaza skrini yako nzima. Ikiwa imefunguka kama dirisha dogo ndani ya skrini yako, Alt na Tab inabaki nyumbani. Kompyuta za labu zimepangwa zifungue skrini nzima. Laptopu ya rafiki yangu ilifungua dirisha dogo.

Mpangilio wenyewe una mantiki ukiufikiria. Ukishajaza skrini nzima ni kama umehamia nyumba ya jirani. Unachoita kule kinaitikiwa kule. Ukiwa na dirisha dogo, bado umekaa sebuleni kwako ukichungulia kwa jirani. Ukipaza sauti "leteni maji", watakaokuja ni wa kwako. Ndivyo laptopu ilivyofanya. Iliitwa, ikaitika, ikaleta kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni WhatsApp.

Kijana yule alinionyesha na njia ya kutoka. Ukiwa kwenye dirisha dogo, tumia Alt na Page Up badala ya Alt na Tab. Hiyo inahamisha madirisha ya kule kwenye seva, na Alt na Page Down inayapitia kwa kurudi nyuma. Kwenye laptopu ndogo Page Up mara nyingi imejificha kwenye mshale wa juu, kwa hiyo unaongeza kitufe cha Fn. Au jaza skrini nzima kwa Ctrl, Alt na Break kama kibodi yako inayo hiyo Break. Nyingi za sasa hazina, basi bonyeza tu alama ya kukuza dirisha. Au maliza ubishi kabla hujaingia: kwenye programu yenyewe fungua Show Options, nenda Local Resources, chini ya Keyboard chagua michanganyiko iende kwenye kompyuta ya mbali. Dakika moja, tena mara moja tu kwa muhula mzima.

Nilipomuuliza kwa nini hakuna aliyetuambia, alisema, "Hakuna aliyeuliza." Sikumlaumu. Hayumo kwenye ratiba ya kufundisha.

Kuna kitu nilikisoma mwaka wa pili kwenye mbinu za kufundishia hisabati, nikakiandika kwenye mtihani, nikapata alama zake, nikasahau. Richard Skemp, mwalimu wa hisabati na mwanasaikolojia wa Uingereza, aliandika mwaka 1976 kwamba neno "kuelewa" linabeba vitu viwili tofauti. Kuna kujua kanuni na kuweza kuitumia bila kujua sababu yake. Na kuna kujua cha kufanya pamoja na kwa nini. Alitoa mfano wa mtu aliye mgeni mjini. Anayekariri njia chache, kutoka hapa mpaka pale, anafika vizuri siku zote mpaka siku anapokosea kona moja; hapo amepotea. Mwenye ramani ya mji kichwani akikosea kona anajua yuko wapi, na anajirudisha mwenyewe.

Mimi niliwapa wenzangu njia ya mkato bila ramani. Na niliwapa kwenye labu, mahali ambapo kosa lisingeweza kuonekana kwa sababu kila kompyuta pale inafungua skrini nzima. Walifaulu mara zote tulizofanya mazoezi, na kufaulu kwao ndiko kulikonidanganya. Mwalimu yeyote atakwambia mwanafunzi anayepata kila jibu bado unapaswa kumbadilishia swali. Nilijua hilo kwa nadharia. Sikuwahi hata kuwaambia, "Hebu tuijaribu kwenye laptopu yako."

Najua yatakayosemwa. Kuna watakaosema mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, anatakiwa kujua kompyuta yake mwenyewe. Mbona mafunzo yamejaa mtandaoni? Kweli yamejaa. Ila kutafuta jibu kunahitaji kwanza ujue kuna swali. Mtu ambaye Alt na Tab yake imekubali wiki sita mfululizo hana cha kutafuta. Halafu tusijifanye tumetoka sehemu moja. Wapo humu waliokulia na kompyuta mezani. Wapo waliosoma shule ya kata ambako kompyuta ilikuwa ya mkuu wa shule, ina kitambaa juu, na ukiikaribia unaulizwa una shida gani. Mimi ni wa kundi hili la pili. Kibodi nimeizoea hapa chuoni, na ndiyo maana kila njia ya mkato niliyojifunza niliibeba kama ushindi na kuigawa kwa haraka.

Wengine watasema rahisi tu: watumie mausi, waache mbwembwe. Hao nawaomba wakae labu mchana wakati seva imeelemewa, wasubiri mshale ufike, halafu tuongee. Na wapo wenzetu ambao mausi haiwasaidii kabisa, wenye uoni hafifu wanaotegemea kibodi na programu ya kusoma skrini. Kwao vitufe ndivyo mlango. Mlango ukifunguka nyumba tofauti na waliyoikusudia, bila ishara wanayoweza kuiona, sijui tutawaandikia fomu gani.

Tuje kwenye fomu sasa. Fomu ya tukio ina swali: je, mwanafunzi alionekana nje ya mfumo wa mtihani? Jibu ni ndiyo, na lilikuwa la kweli. Haina mahali pa kuandika ni kwa nini. Msimamizi aliandika alichokiona, na kwa kweli ukisimama nyuma ya mtu huwezi kutofautisha mkono uliotafuta WhatsApp na mkono uliotafuta jedwali. Vitufe ni vilevile. Kinachotofautisha ni nia, na nia haionekani kutoka nyuma ya kiti.

Kamati ya idara ilikaa. Kijana wa IT alikuja na laptopu na projekta, akaonyesha mbele ya wote: dirisha dogo, Alt, Tab, tazameni, skrini nzima, Alt, Tab, tazameni. Nimeambiwa mmoja wa wahadhiri alisema, "Kumbe," kisha akanyamaza. Tuhuma ya kudanganya ilifutwa. Hapo nawapa haki yao, walisikiliza. Lakini testi yake ilikuwa imechukuliwa dakika ile ya ishirini, na akaambiwa kwamba testi haiwezi kurudiwa kwa mtu mmoja. Alama zilibaki za kile alichokuwa ameshajibu, yaani swali moja kati ya matatu. Aliingia kwenye mtihani wa mwisho akiwa na 17 kati ya 40, mtu ambaye kwenye diskasheni ndiye aliyekuwa anatufafanulia tofauti ya wastani na kitovu tuliposhindwa. Kwa sasa anajiandaa na sapu. Mimi nilipasua, na wala sikuwa najua zaidi yake. Niliketi tu kwenye kompyuta ya labu.

Ninachokidai kwa idara si kikubwa. Nusu saa kwenye kipindi cha kwanza cha labu, si kwa ajili ya kukaririsha orodha ya vitufe bali kwa jambo moja: una mashine mbili, kila unapobonyeza jiulize ipi imesikia. Wanafunzi wajaribu kwenye dirisha dogo na kwenye skrini nzima, waone kwa macho yao zinavyotofautiana. Na kabla ya testi, sharti la "usitoke nje ya seva" liambatane na "funga kila kitu kwenye laptopu yako, na jaza skrini nzima." Sentensi moja. Na kwa alama za rafiki yangu, bado nadhani testi ya dakika arobaini ingeweza kupatikana kwa mtu aliyekutwa hana kosa. Kama ratiba ya chuo haiwezi kumpa dakika arobaini, iseme hivyo waziwazi, isiseme "utaratibu".

Nilipoanza kulichimba jambo hili nilikuta Alt na Tab ni mwanzo tu. Kuna mwaka wa kwanza mmoja aliyekuja analia kwamba SPSS imeganda kwenye seva. Akabonyeza Ctrl, Alt na Del ili aifunge kwa nguvu, akaona orodha ya programu, akachagua iliyokuwa juu, akaifunga. Alifunga muunganisho wake mwenyewe. Ctrl, Alt na Del haiendi mbali hata ukijaza skrini nzima. Mara zote inasikiwa na kompyuta iliyo mbele yako. Ya kule unaita kwa Ctrl, Alt na End.

Hii nayo ina sababu yake, na ni hadithi ninayoipenda. Mchanganyiko huo ulibuniwa na David Bradley, mhandisi wa IBM, wakati wanatengeneza kompyuta iliyotoka mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kuiwasha mashine upya, na vitufe vilichaguliwa viwe mbalimbali makusudi ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Baadaye Windows NT ya mwaka 1993 ikaufanya kuwa ishara ya kuingilia: mfumo wenyewe unaushika, programu ya kawaida haiwezi kuudaka njiani, kwa hiyo mtu hawezi kukuwekea ukurasa bandia wa kuiba neno lako la siri. Ndiyo maana hauvuki kwenda kwa jirani. Ukishajua hivyo huhitaji tena kukariri. Unakumbuka kwa sababu imeingia akilini. Yule wa mwaka wa kwanza nilimweleza hivi, na wiki iliyopita nilimsikia anamweleza mwenzake, tena kwa mbwembwe kuliko zangu.

(Na kwa faida ya wote: kufunga dirisha la muunganisho kwa ile alama ya X si kutoka. Mara nyingi kazi yako inabaki wazi kule kwenye seva, na nafasi umeishikilia. Toka kwa Sign out. Asubuhi mnapoambiwa seva imejaa, wengine waliojaza wamelala hosteli.)

Mwaka huu naenda tena BTP. Mwaka jana shule niliyopangiwa ilinikabidhi vipindi vya kompyuta vya kidato cha pili, ingawa masomo yangu ni Hisabati na Jiografia, kwa sababu tu nilionekana nikibonyeza kibodi bila kuiangalia. Nilisimama mbele ya wanafunzi hamsini na kompyuta sita, nikaandika ubaoni: Ctrl na C, kunakili, Ctrl na V, kubandika, Alt na Tab, kuhama dirisha. Wakaandika kwenye madaftari. Nikatoa zoezi la maandishi, wakapata yote. Mkaguzi wangu kutoka chuoni alinipa alama nzuri sana kwa somo lile. Madaftari yale bado yapo mahali fulani, na mstari wa tatu umeandikwa kwa mwandiko wa watoto hamsini kama nilivyousema, bila neno la ziada.

Rafiki yangu hajanikasirikia, au kama amenikasirikia ameamua kunionea huruma. Aliponiona nahangaika kuandika makala haya alisema, "Ticha, andika, ila usijifanye wewe ndiye uliyepata sapu." Nimejitahidi.

Tumekubaliana kufundisha pamoja. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kimbweta cha pili nyuma ya maktaba, mpaka wiki ya mitihani. Yeye anafundisha takwimu, mimi nasimamia kuingia seva. Njoo na laptopu yako mwenyewe, usije ukitegemea ya labu, maana tunataka kuiona inavyofungua dirisha kwako. Jaza chaji kabisa. Soketi ya pale imekufa tangu mwaka juzi.